Kubadilisha viti vya mtumbwi wa plastiki: pima kabla ya kutoboa

Watu wengi wanaoniletea mtumbwi wa plastiki wa matembezi huja na malalamiko yaleyale: baada ya saa moja ya kupiga kafi, kiuno kinauma na miguu imekufa ganzi. Kiti kilichofinyangwa kiwandani kina umbo moja tu, nacho hakimpi anayekikalia nafasi ya kujigeuza wala ya kupiga magoti vizuri. Basi wanataka kiondolewe na kingine kiwekwe. Kazi yenyewe si ngumu, lakini katika mitumbwi ya aina hii kiti ni kiungo cha chombo, na kabla ya kushika spana ni lazima kujua kinashikilia nini.

Plastiki inayotumika kwa kawaida ni poliethilini, ambayo huvumilia kugongwa na mawe, lakini hupindika kwa urahisi. Ndiyo maana kiti hufungwa kwenye kingo zote mbili, ili zisitanuke wala kusogeleana, na katika baadhi ya mitumbwi miguu ya kiti husimama juu ya sakafu ili maji yasiibonyeze kwenda juu. Angalia pia kama chini ya kiti kuna povu la kuelea, kwa sababu ukilitoa ni lazima ulirudishe mahali pengine; poliethilini ni nyepesi kidogo tu kuliko maji, na peke yake haitaubeba vizuri mtumbwi uliojaa maji. Kiti cha katikati, ambacho wengi hutamani kukitoa ili wapate nafasi ya mizigo, mara nyingi ndicho kinachozuia kingo pale chombo kilipo kipana zaidi. Ukikitoa, funga upau wa mbao mahali pake, na upana wa kuufuata uupime kabla hujalegeza bolti ya kwanza, maana baada ya hapo kingo huwa zimekwisha kusogea.

Jambo ninalolijadili kwa muda mrefu kuliko yote ni kimo. Ndani ya chombo chepesi namna hii, mzigo mkubwa ni mwili wa mtu, kwa hiyo kuinua kiti kwa sentimita 4 au 5 ili magoti yapumzike hubadilisha tabia ya mtumbwi mzima, na mtu aliyeuzoea ukiwa mtulivu huuona ukiyumba kila anapogeuza kichwa. Kukishusha huongeza uthabiti, lakini hapo kuna hatari nyingine ninayoiogopa zaidi. Anayepiga magoti huingiza nyayo zake chini ya kiti, na mtumbwi ukipinduka ni lazima ziweze kutoka bila kukwama. Vaa viatu vyako vya majini, vilevile utakavyovitumia, upige magoti nchi kavu, uingize na kutoa miguu mara kadhaa. Kisigino kikigusa kiti hata kidogo, kiti hicho kipandishwe au usipige magoti kabisa. Kwa wanaopiga magoti mimi hushusha ukingo wa mbele wa kiti kwa takriban sentimita 2, ili mapaja yateremke bila kukatwa.

Kwa kiti kipya napendelea fremu bapa ya mbao iliyowambwa kwa mikanda ya poliesta. Nailoni hulegea inapolowa, na kiti kilicholegea hushusha makalio hadi fremu ikaanza kuumiza mapaja. Fremu huning'inizwa kwenye kingo kwa bolti nne ndefu za milimita 6, za chuma kisichoshika kutu, zikipita ndani ya vipande vya mbao vinavyoamua kimo. Usitumie vipande vinne vilivyotengana ikiwa kiti kinashuka sana; bolti mbili za kila upande zipite katika kipande kimoja kipana, la sivyo kiti kitacheza mbele na nyuma kila unapovuta kafi.

Gundi usiitegemee, kwa kuwa poliethilini haishikani nayo vizuri. Tena plastiki hii hutanuka sana juani: meta 1 huweza kurefuka kwa milimita 1 hadi 2 joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo toboa tundu pana kidogo kuliko bolti, weka washa pana (kibati cha duara kinachokaa chini ya nati), na ukaze kwa kiasi. Keekee iende polepole, ncha yake iwe kali, na nyuma ya plastiki uegemeze kipande cha ubao. Plastiki hunywea taratibu chini ya washa, kwa hiyo kagua nati tena baada ya siku chache.

Anayekwenda peke yake ana faida moja kwenye kiti bapa: anaweza kuugeuza mtumbwi, nyuma iwe mbele, na kukalia kiti cha mbele akitazama tezi (upande wa nyuma wa chombo), jambo lisilowezekana kiti kikiwa na egemeo lililofinyangwa. Akitaka kiti chake maalumu, mahali pake ni nyuma kidogo ya katikati. Usipatoboe kwa kukisia. Kaa kwanza juu ya kisanduku chenye kimo kilekile, katika maji ya magotini, ukiwa na mizigo yako ya kawaida, na mwenzako atazame kutoka ubavuni kama omo (upande wa mbele) na tezi zimezama sawasawa. Sogeza kisanduku mpaka aridhike, kisha uweke alama ya penseli kwenye ukingo.