Polisi wamemchukua barabarani, hajaiba wala hajapigana: maswali kuhusu kifungu cha 136

Simu inalia usiku, uko Leicester au London: mdogo wako amechukuliwa na polisi kituo cha basi. Alikuwa peku, anabishana na mtu asiyeonekana.

Kwani amefanya kosa gani?
Hana kosa. Huku England na Wales, kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 kinamruhusu askari kumchukua mtu anayeonekana kuugua akili na kuhitaji msaada wa haraka, kwa usalama wake au wa wengine. Pingu anaweza kufungwa, na hapo ndipo wazazi wetu huishiwa nguvu, lakini hapelekwi mahakamani. Anapelekwa "mahali pa usalama", kwa kawaida hospitali. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuwekwa kituo cha polisi.

Atashikiliwa hadi lini?
Saa 24, zinazohesabiwa tangu alipofikishwa mahali pa kwanza pa usalama. Akihamishwa, saa hazianzi upya. Daktari anaweza kuongeza 12 pale tu hali ya mgonjwa inapozuia uchunguzi kukamilika. Kukosekana kitanda si sababu. Hadi Desemba 2017 zilikuwa 72.

Watamchoma sindano kwa nguvu?
Kifungu hiki chenyewe hakiwaruhusu. Kazi yake ni apimwe na daktari pamoja na mtaalamu wa afya ya akili aliyeidhinishwa, ambaye mara nyingi ni ofisa wa ustawi wa jamii.

Kiingereza hakipandi. Nimtafsirie mimi?
Dai mkalimani wa kazi hiyo, na mtoto wa shule asibebeshwe mzigo huo. Mgonjwa akisema "nimepandisha", mkalimani asiyejua habari za mashetani kwetu anaweza kumwacha daktari gizani. Wewe waeleze anatumia dawa gani, amelala lini mara ya mwisho, na kwa kawaida yake yukoje.

Na akiwa amejifungia chumbani?
Kifungu cha 136 hakifiki ndani ya nyumba ya mtu, wala bustani isiyotumiwa na nyumba nyingine. Kuingia humo kwa ajili yake, kwa kawaida mtaalamu yule wa afya ya akili huomba kibali cha hakimu chini ya kifungu cha 135, kisha askari huja naye pamoja na daktari. Kwa hiyo askari akikunong'oneza umwite mdogo wako nje "mara moja tu", kataa. Mwongozo wao wenyewe unakataza ujanja huo.