Studio ya gemu ni nini? Mfano wa DMA Design

Waliokesha kwenye vibanda vya gemu wakicheza GTA (Grand Theft Auto) San Andreas wanaijua nembo ya Rockstar. Ukiwauliza gemu hiyo ilitengenezwa na nani, wengi watakujibu: Wamarekani. Kumbe kazi kubwa ilifanyika Edinburgh, Uskoti.

Mkanganyiko huo unatokana na kuchanganya studio na mchapishaji. Studio ni timu inayobuni na kutengeneza gemu: waandishi wa programu, wachoraji, watu wa sauti, wajaribuji. Mchapishaji hutoa mtaji, hutangaza na kuuza. Mara nyingi ndiye anayeshika haki za gemu, na akitaka huinunua studio nzima.

DMA Design ilianzishwa mwaka 1987 mjini Dundee na David Jones, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha Timex kilichokuwa kikiunda kompyuta za ZX Spectrum. Alipopunguzwa kazi, pesa za kuachishwa alizitumia kununulia kompyuta ya Amiga. Mwaka 1991 ikatoka gemu yake ya Lemmings, iliyouza mamilioni ya nakala. Mchapishaji alikuwa Psygnosis wa Liverpool, ambaye baadaye alinunuliwa na Sony, na haki za Lemmings zikaenda huko huko.

Kisha ikaja gemu iliyoitwa Race'n'Chase, ya polisi na wezi. Ilipooza. Inasimuliwa kwamba hitilafu ya programu iliyafanya magari ya polisi yamvamie mchezaji kama yenye wazimu, na wajaribuji wakagundua kuwa hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1997 ikatoka kwa jina la Grand Theft Auto.

Mwaka huo huo DMA ilinunuliwa na kampuni ya gemu ya Gremlin ya Sheffield. Mwaka 1999 Gremlin ikamezwa na Infogrames ya Ufaransa, na kabla mwaka haujaisha DMA ikauzwa tena, safari hii kwa mchapishaji Take-Two wa New York, mwenye kampuni ya Rockstar. GTA III ya mwaka 2001 bado ilibeba jina la DMA. Mwaka 2002 studio, iliyokuwa imeshahamia Edinburgh, ikaitwa Rockstar North, na ndiyo iliyotengeneza San Andreas.

Jones hakubaki. Alianzisha Realtime Worlds, Dundee tena, iliyotoa gemu ya Crackdown mwaka 2007 na kufilisika mwaka 2010, wiki chache tu baada ya kutoa gemu nyingine, APB. GTA, kwa upande wake, ilibaki mali ya Take-Two.