Kukandwa si lazima kuume: mkono mwepesi unavyotuliza maumivu

Ukigonga kiwiko ukutani, mkono wa pili hufika pale kabla hujasema neno. Unasugua, na maumivu yanapungua. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jambo hilo kwa mfano wa lango: taarifa za mguso, zinazokwenda kasi katika mishipa minene ya fahamu, zikifika kwenye uti wa mgongo huzibana taarifa za maumivu zisipite zote kwenda kwenye ubongo. Tafiti za baadaye zimerekebisha mengi katika maelezo yao, ila wazo lenyewe limesimama. Maumivu yanaweza kupunguzwa yakiwa njiani.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaofika kwetu kwenye fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, huomba jambo moja: "Nibonyeze kwa nguvu, nisikie." Wanaamini kwamba isipouma, haijafanya kazi. Imani hiyo inawaumiza watu. Mwili unaobonyezwa kupita kiasi hujihami: mtu anabana pumzi, anakunja ngumi, misuli inakaza zaidi, na kesho yake anaamka na madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi.

Mkono mtulivu huenda hivi. Mgonjwa amelala kifudifudi, mto mdogo chini ya vifundo vya miguu. Naweka viganja viwili vyenye joto juu ya mabega yake, kisha situmii nguvu yoyote kwa muda wa pumzi tatu nne. Bega lililokuwa limepanda kuelekea sikioni linaanza kushuka. Pumzi iliyokuwa inaishia kifuani inafika tumboni. Hapo ndipo ninapoanza kupitisha mikono, taratibu, kutoka shingoni kwenda chini.

Utaratibu huo si mapambo. Ngozi yenye vinyweleo ina mishipa myembamba ya fahamu inayoitikia zaidi mguso mwepesi wenye joto la mkono wa mtu, unaosogea kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Kazi yake kubwa si kukuambia umeguswa na nini. Huleta ile hali ya kujisikia umetulizwa. Ni mwendo uleule wa mkono wa mama anayembembeleza mtoto alale.

Hata hivyo tusitie chumvi. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 25 zenye washiriki zaidi ya 3,000 wenye maumivu ya kiuno na mgongo. Waliokandwa walipata nafuu ya muda mfupi kuliko wasiotibiwa, lakini nafuu hiyo haikudumu sana, na ubora wa ushahidi ulikuwa mdogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limetaja kukandwa pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Nami huwaambia wagonjwa wangu hivyohivyo: nafuu ukiipata, itumie siku hiyohiyo kutembea na kunyoosha mwili. Anayekandwa kila wiki huku akikaa tu kitini atarudi na maumivu yaleyale. Na anayekuahidi kwamba atakutoa sumu mwilini kwa mikono, usimsikilize. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

Zipo hali ambazo hata mkono mwepesi ni hatari. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma nyuma, chini ya goti, usiuguse wala kuukanda, nenda hospitali. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisukumwa linaweza kwenda kuziba mapafu. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi baina ya mapaja, kuzunguka sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo, ni ya kuwahishwa hospitali siku hiyohiyo. Mwenye homa, kidonda au mfupa uliovunjika asikandwe, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize kwanza daktari wake. Mjamzito, hasa tumbo likishakua, alazwe ubavu.

Ukitaka kumkanda mtu wako nyumbani, kata kucha, pasha viganja joto kwa kuvisugua, tumia mafuta kidogo. Usikandamize uti wa mgongo wenyewe, fuata misuli ya pembeni yake. Sehemu ya mbele ya shingo iache kabisa, maana inapita mishipa mikubwa ya damu. Muulize mara kwa mara, "Hapa je?", na akisema inauma, legeza hapohapo. Dakika 10 au 15 zinatosha. Ukimaliza asiinuke ghafla. Ageuke ubavu, akae kidogo ukingoni mwa kitanda, kwani msukumo wa damu unaweza kuwa umeshuka na kizunguzungu kikamwangusha.