Je, wajua? Jarida la hadithi la mtandaoni husomwa bila mtandao

Watu wengi Unguja na Pemba wakisikia "jarida la hadithi la mtandaoni" hudhani ni tovuti ya kulipia: unatoa pesa, unaruhusiwa kuingia, unasoma maadamu bando lipo, na bando likikatika hadithi nayo imekatika. Dhana hii ina chanzo chake. Magazeti makubwa ya habari ya nje huuzwa hivyo hasa, na aliyewahi kuzuiwa katikati ya habari akaambiwa alipe kwanza hawezi kulaumiwa akidhani kila kitu cha mtandaoni ni hivyo hivyo. Lakini majarida ya hadithi kwa kawaida huuza kitu kingine.

Lichukue Clarkesworld, jarida la Marekani la bunilizi za kisayansi lililoanza mwaka 2006. Kila mwezi huweka hadithi zake kwenye tovuti, na mtu yeyote anazisoma bure. Hata hivyo lina wasomaji wanaolipa. Strange Horizons, lililoanza mwaka 2000, nalo liko wazi kwa wote na huendeshwa kwa michango. Omenana la Nigeria, la mwaka 2014, hutoa bure hadithi za kubuni za waandishi wa Kiafrika. Basi msomaji wa Wete ana haki ya kuuliza: ikiwa hadithi ziko wazi, anayelipa analipia nini?

Kwanza kabisa, analipia faili. Toleo zima, kuanzia jalada hadi hadithi ya mwisho, hufungashwa katika faili moja la aina ya EPUB, nawe unalipakua au unatumiwa kwa barua pepe. Likishaingia kwenye simu, mtandao hauna kazi tena. Unaweza kuzima data, ukapanda boti ya Mkoani, ukasoma njia nzima hata pale katikati ya bahari ambapo simu haishiki chochote.

Na faili lenyewe ni dogo mno. Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini hutumia baiti moja (kipimo kidogo cha ukubwa wa faili; milioni moja hivi hufanya megabaiti) kwa kila herufi. Toleo la maneno 40,000, kwa wastani wa herufi saba kwa neno pamoja na nafasi, ni baiti 280,000 hivi, yaani hata theluthi moja ya megabaiti halifiki, na hapo bado halijabanwa. Mara nyingi picha ya jalada peke yake ni nzito kuliko hadithi zote. (Tenzi za wazee wetu, zikiandikwa kwenye kompyuta kwa herufi zilezile za Kiarabu, zingechukua baiti mbili kwa herufi. Hata hivyo zingebaki nyepesi.) Kwa hiyo hofu kwamba kusoma jarida kutamaliza bando haina msingi. Video fupi za kwenye simu ndizo zinazolila.

Jambo la ajabu liko ndani ya faili hilo. EPUB ni mkoba uliobanwa wa aina ya ZIP, na humo ndani mna kurasa zilizoandikwa kwa HTML, lugha ileile inayotumika kutengeneza tovuti, pamoja na picha na orodha ya kusema kipi kinatangulia kipi. Yaani ni tovuti ndogo kamili iliyofungwa ikawekwa mfukoni mwako, isiyohitaji kuunganishwa na kitu.

Hapa ndipo inapotofautiana na PDF, ambayo wasomaji wetu wameizoea zaidi. Hadithi nyingi za Kiswahili huuzwa kwenye makundi ya WhatsApp: sehemu za mwanzo bure, kisha unatuma pesa kwa simu na mwandishi anakurushia PDF. PDF ni kanzu iliyokwisha kushonwa. Urefu wake, mikono yake, kola yake, vyote vimekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na mtu huyo ni karatasi ya A4. Ukiivalisha simu ndogo inapwaya, ndiyo maana unavuta maandishi kwa vidole viwili, unasogeza kulia, unasogeza kushoto, mpaka unaupoteza mstari. EPUB ni kitambaa kinachokuja pamoja na maelezo ya mshono, na fundi cherehani ni programu ya kusomea iliyomo kwenye simu yako. Fundi huyo hupima kioo, huangalia ukubwa wa herufi uliouchagua, kisha hukata kurasa papo hapo. Bibi mwenye macho mazito akikuza herufi, fundi hukata upya na toleo la kurasa 90 linakuwa la kurasa 200, bila neno hata moja kutoka nje ya kioo. Kwa sababu hiyo kumwambia mwenzako "tazama ukurasa wa 40" hakumsaidii. Mtajie jina la hadithi. Ila palipo na michoro mingi au majedwali, PDF bado ina heshima yake, kwani hapo mpangilio ni sehemu ya maana.

Cha pili anacholipia msomaji ni mwandishi. Chama cha waandishi wa bunilizi za kisayansi cha Marekani, SFWA, kiliweka mwaka 2019 kiwango cha senti 8 za dola kwa neno kuwa kima cha chini cha malipo ya kitaalamu. Kwa kiwango hicho, hadithi ya maneno 5,000 humpatia mwandishi dola 400. Mimi naona hii ndiyo sababu nzito kuliko zote za kulipa.

Kulipa kwenyewe hakuna mengi. Kinachotakiwa ni kadi ya benki, au ile kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka pesa za simu. Angalia tu kama unanunua toleo moja au unajiunga, maana kujiunga hukata pesa tena kila mwezi au kila mwaka mpaka usitishe. Mafaili ya majarida haya mara nyingi hayana kinga ya kunakili, lakini hiyo si ruhusa ya kuyarusha kwenye makundi. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003.

Inajalisha pia unanunua wapi. Mwaka 2023 Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, ilisitisha uuzaji wa usajili wa majarida kwenye Kindle, kifaa chake cha kusomea. Majarida madogo ya hadithi yalipoteza wasomaji wengi kwa mkupuo, na hayakuweza hata kuwaandikia, kwa sababu orodha ya majina na anwani ilikuwa kwa Amazon. Aliyenunua moja kwa moja kwenye tovuti ya jarida hakuguswa: mhariri alikuwa na barua pepe yake, na toleo la mwezi uliofuata lilimfika kama kawaida.