Dawa haziui kipaji: dhana potofu kuhusu wachoraji na ugonjwa wa akili

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii kwa mama mzazi kabisa. "Dokta, mwanangu ni mchoraji, mkimpa hivyo vidonge si mtamuulia kipaji?" Kijana mwenyewe kakaa pembeni, usiku wa nne huo hajalala, anaongea bila kumeza mate, na kila mama akisema neno anaitikia kwa kichwa.

Kwenye hii kazi ya afya ya akili nasikia mengi ila hii ndo inanichosha kuliko zote, kwa sababu nyingine zinaharibu stori tu, hii inarudisha watu wodini. Mtu katulia miezi sita, anachora, anauza, halafu anatokea rafiki anamwambia kazi zako siku hizi zimepoa, ule moto uko wapi? Anaacha dozi kimya kimya, haambii mtu, na baada ya wiki kadhaa tunaletewa kwenye bajaji kafungwa kamba mikono.

Dhana: ugonjwa ndo unaochora, ukitibiwa kipaji kinakufa

Mfano ninaopewa siku zote ni Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi. Haya, tumzungumzie huyo huyo.

Alianza kuchora kwa kudhamiria mwaka 1880 akiwa na miaka 27, na ile miaka ya mwanzo ilikuwa penseli na mkaa kwa wingi, mikono, vichwa, watu wameinama shambani, anakosea anarudia. Kabla ya ule mchoro wa watu wanaokula viazi wa 1885 alipiga vichwa vya wakulima kwa makumi, kimoja kimoja, mpaka akaelewa mwanga wa taa unakaaje kwenye shavu. 1886 akaenda Paris, akaona wenzake wanavyotumia rangi, akabadilisha rangi zake zote. Huo ndo mkono alioingia nao hospitali, ulikuwa umeshafundishwa kitambo.

Tarehe 23 Desemba 1888 kule Arles, kusini mwa Ufaransa, ndo akajikata sikio. Mei 1889 akaenda mwenyewe hospitali ya akili ya Saint-Rémy, huko huko, akakaa mwaka mzima na akatoa michoro kama 150. Watu wakifika hapo wanashangilia, unaona, wodini ndo kachora! Ndiyo, lakini zisomeni barua alizomwandikia mdogo wake Theo muone alichora siku zipi. Katikati ya Julai 1889 alikuwa nje anachora shambulio la ugonjwa likamkuta, akala rangi zake mwenyewe, daktari akamzuia kuzishika na ikapita zaidi ya mwezi ndo akarudi kazini. Februari 1890 likaja lingine likamla kama miezi miwili, na kilichotoka humo ni vipicha vichache tu vya kumbukumbu za kwao kaskazini. Kazi kubwa zote zile alizifanya katikati, akiwa katulia, kapata usingizi na kala vizuri. Ugonjwa ulikuwa unamwibia siku, na alikuwa anaziona zikiibiwa, na aliuogopa kweli kweli.

Hata ule wa usiku wenye nyota unaobandikwa kila mahali, wa Juni 1889, aliuchora mchana chumba cha chini alichopewa cha kazi, kwa kukumbuka alichokiona dirishani kwake juu. Dirisha lilikuwa na nondo, akaziondoa. Kijiji hakikuonekana pale dirishani, akakiweka. Halafu Novemba anamwandikia rafiki yake Émile Bernard kwamba zile nyota alizifanya kubwa mno, amekosea. Jamani, huyo ni fundi anakagua kazi yake, kichwa kimetulia kabisa.

Na matibabu yake pale unajua yalikuwa nini? Kukaa kwenye maji ya kuoga masaa mawili, mara mbili kwa wiki. Basi. Sisi leo tuna dawa, na watu wanazitupa kwenye sinki kwa jina lake!

Sasa hizo dawa. Mwaka 1979 Mogens Schou, daktari wa Denmark, alichapisha majibu ya wasanii na waandishi 24 wenye baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, waliokuwa wanatumia lithiamu, dawa ya kuzituliza: 12 walisema kazi zao zimeongezeka, 6 hawakuona tofauti, 6 walisema zimepungua. Ni watu wachache, najua, na hao 6 wa mwisho siwafichi, lakini angalia mizani imelalia wapi.

Yule kijana wa wiki hii mama yake alikuja na simu imejaa picha za alichochora kwenye hizo siku nne. Kanvasi nyingi, nyingine ni mashuka na milango ya kabati. Nilizipitia moja moja nikiwa naye. Ya kwanza nzuri kweli, mstari mmoja wa mgongo wa mvuvi umekaa. Kuanzia ya tano rangi imewekwa juu ya rangi mbichi, imegeuka tope, kila kitu ni kahawia, na hakuna hata moja iliyoisha. Mania, yaani pale baipola inapokupandisha, inakupa hamu ya kuanza, ila subira ya kusubiri rangi ikauke haikupi.

Malalamiko ya wachoraji kuhusu dawa nayajua na mengi ni ya kweli. Lithiamu inatetemesha vidole, na kwa mtu wa brashi nyembamba hilo ni janga. Lakini uje useme! Dozi inapimwa damu inarekebishwa, kahawa na chai kali zinapunguzwa, kuna kidonge cha kutuliza hiyo tetemeko, na kuna dawa nyingine kabisa za kubadilisha. Ukijisikia mzito, umekuwa kama gogo, hiyo pia ni sababu ya kurudi kliniki, siyo ya kuacha. Na diklofenaki za dukani, hizo za maumivu, achaneni nazo mkiwa kwenye lithiamu, nasema kila siku, zinaipandisha kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Tena lala. Kazi ya usiku kucha kwa mtu wa baipola ni kuwasha kiberiti kwenye petroli, chora asubuhi.

Dhana: wachoraji wakubwa wote walikuwa machizi

Rubens, mchoraji wa Ulaya wa karne ya 17, aliendesha karakana kubwa ya uchoraji huku anatumwa na wafalme kusuluhisha mambo ya nchi. Monet, Mfaransa, kafa 1926 ana miaka 86, na maua yake ya majini. Tingatinga wetu alipiga rangi za baiskeli kwenye hadibodi akauza kwa wageni pale Oysterbay, na alichomuua 1972 ni risasi ya polisi waliomfananisha na mtu mwingine. Hao hawasimuliwi kwa sababu hawana stori ya sikio. Utafiti mkubwa wa Sweden, wagonjwa zaidi ya milioni 1, ulikuta watu wa kazi za ubunifu kwa ujumla hawaugui akili kuliko wengine, isipokuwa baipola ndo iliwazidi. Na ndugu wa damu wa wagonjwa wa baipola, wale wazima, nao walikuwa wengi kwenye kazi hizo. Wazima!

Dhana: Munch alipotibiwa aliisha

Munch ni mchoraji wa Norway. 1908 aliingia kliniki Copenhagen kavurugwa na pombe, akatoka mwaka uliofuata, akaiacha pombe, akachora lile jua kubwa la ukumbi wa chuo kikuu Oslo, akaishi mpaka 1944.

Dhana: bangi inafungua akili ya msanii

Kwa mwenye asili ya skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, kwenye ukoo inafungua mlango wa wodi. Sina la kuongeza.

Dhana: mchoro wa giza ni dalili

Walimu, msiniletee tena daftari la mtoto aliyechora fuvu. Niambieni analala saa ngapi, anakula, ana marafiki, mahudhurio yameshuka lini. Fuvu mwacheni amalizie, kivuli cha taya bado.