Njia ya Uhandisi Huanza Kidato cha Tatu

Kila mwaka, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, simu yangu hujaa ujumbe wa wazazi, wajomba na mashangazi wenye swali moja: kijana wetu anataka kuwa injinia, achukue tahasusi gani? Jibu lake ni fupi. Achukue PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu. Na kama Kemia haikumwendea vizuri, PGM, ambayo huweka Jiografia mahali pa Kemia, inaweza kumfikisha kwenye baadhi ya kozi za uhandisi. Hata hivyo, kwa muda ambao nimefanya kazi ya uhandisi wa ujenzi na kusimamia vijana wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, nimeona kwamba swali hilo huja limechelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu ilikwisha kuamuliwa wakati kijana anaingia kidato cha tatu na hapakuwa na mtu mzima aliyekaa naye kulizungumza.

Kwa utaratibu ambao wengi wetu tumesoma nao hapa Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha tatu huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia, huku Hisabati na Biolojia zikibaki kuwa za lazima. Wengi huziacha si kwa sababu hawana uwezo, bali kwa sababu shule haina mwalimu wa Fizikia, au maabara ni chumba kilichofungwa, au rafiki zao wote wamekwenda upande wa sanaa. Uamuzi huo hufanyika kwa siku moja, kwa kuandika jina kwenye karatasi inayopitishwa darasani, na humfungia kijana milango ya karibu kozi zote za uhandisi. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeweka pia mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi hujifunza fani ya ufundi pamoja na masomo ya kawaida, kwa hiyo kwa wanaoingia sekondari sasa mazungumzo hayo yanapaswa kufanyika mapema zaidi ya hapo.

Kuhusu Hisabati nitasema kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi, na kwa sababu wanafunzi huambiwa kwamba ni muhimu bila kuonyeshwa inafanya nini. Chukua boriti ya zege inayopita juu ya sebule yenye upana wa mita 3, ikiwa imeegemea ukuta huku na huku na kubeba uzito ule ule kwa kila mita ya urefu wake. Mwenye nyumba anaamua kwamba anataka sebule ya mita 6, na anadhani kuwa, urefu ukiongezeka mara mbili, nondo nazo ziongezwe mara mbili. Hesabu inakataa. Nguvu inayoipinda boriti ile katikati huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu, kwa hiyo inakuwa mara 4. Kunepa kwake, ikiwa ukubwa wa boriti haukubadilishwa, huongezeka kwa kipeo cha nne, kwa hiyo ni mara 16. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeelewa vipeo ana kila kitu anachohitaji ili atambue kwamba mwenye nyumba huyo anaelekea kwenye dari yenye nyufa, au kwenye jambo baya kuliko nyufa. Namna kanuni yenyewe inavyopatikana ataisoma chuoni, kwa kutumia kalkulasi ambayo kidato cha tano na cha sita humwandalia. Bila msingi huo mwaka wa kwanza wa uhandisi huwa mzito mno.

Kemia nayo hudharauliwa na wanaotaka uhandisi wa ujenzi, wakidhani ni somo la madaktari. Zege haligandi kwa kukauka. Huwa gumu kwa sababu saruji na maji hufanya mabadiliko ya kikemia yanayoendelea kwa majuma mengi, na ndiyo maana humwagiliwa maji baada ya kumwagwa, na vipande vya sampuli huvunjwa maabara siku ya 28 ili kujua nguvu yake. Kijana aliyesoma Kemia kwa makini haihitaji amri ya kumwagilia. Anajua kinachotokea ndani ya lile zege likiachwa juani.

Baada ya kidato cha nne njia hugawanyika mara mbili, na hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi. Njia ya kwanza ni kidato cha tano na cha sita, kisha shahada ya miaka 4. Chuo hutazama kwanza ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya Juu. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa mwenye cheti cha kidato cha sita ni pointi 4 kutoka masomo mawili, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1, ingawa kwa kozi zinazogombewa kiwango hicho hakitoshi. Njia ya pili ni kwenda moja kwa moja kwenye stashahada ya miaka 3 katika chuo cha ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1957, au Chuo cha Ufundi Arusha. Huko huhitajika ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, na kwa kozi nyingi za uhandisi Hisabati na Fizikia lazima ziwemo.

Wazazi wengi huiona njia ya pili kuwa ya walioshindwa. Mimi siioni hivyo, na naomba wahesabu pamoja nami. Anayemaliza kidato cha nne Novemba huanza kidato cha tano Julai inayofuata, hufanya mtihani wa kidato cha sita Mei ya mwaka wa pili baada ya hapo, kisha husubiri hadi Oktoba ndipo aingie chuo kikuu. Aliyekwenda stashahada huanza Oktoba ya kwanza na kumaliza miaka 3 baadaye, na akipata wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Tofauti kati yao, wakifika mwisho wa shahada, ni kama mwaka mmoja tu. Kwa mwaka huo wa ziada aliyepita stashahada amejifunza kuchora michoro ya kiufundi, kutumia mashine za karakana na kupima ardhi, na amepata sifa ya fundi sanifu ambayo inampa ajira hata kama ada ya shahada haitapatikana kwa wakati. Kwa kijana ambaye Hisabati yake ni ya wastani lakini mikono yake ni mizuri, au ambaye familia yake haina uhakika wa kumlipia miaka yote mfululizo, ningemshauri njia hii bila kusita. Anayependa nadharia na kufaulu mitihani ya maandishi kwa urahisi, aende kidato cha tano. Shule za sekondari za ufundi, kama Ifunda, Moshi, Tanga na Mtwara, zimekuwa zikipeleka vijana katika njia zote mbili.

Uchaguzi wa fani huwatia watu hofu kuliko unavyostahili. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Ukuta wake ni kazi ya wahandisi wa ujenzi, mitambo inayozungushwa na maji ni ya wahandisi wa mitambo, na njia ya kilovolti 400 inayopeleka umeme Chalinze ni ya wahandisi wa umeme. Mwaka wa kwanza wa fani hizo una masomo mengi yanayofanana, hivyo kijana asiyejua kama anapenda zege au umeme ana muda wa kujichunguza, mradi masomo yake ya msingi yamruhusu kuchagua.

Akiwa chuoni, jambo ambalo ningependa alipe uzito ni mafunzo ya vitendo ya likizo ndefu. Wapo wanaokuja kwetu kugongewa muhuri kwenye daftari na kuondoka. Wengine humwomba fundi wa maabara awaonyeshe kipimo cha mteremko wa zege: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 hujazwa zege kwa matabaka matatu, kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, koni huinuliwa wima taratibu, kisha hupimwa zege limeshuka kiasi gani. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na muda mfupi baadaye mafundi watamwambia kijana huyo huyo aongeze maji kwa sababu zege ni zito kulisukuma. Akiongeza, kazi itakuwa rahisi na zege litakuwa dhaifu. Hapo anatakiwa akatae kwa heshima, kwa Kiswahili kinachoeleweka na watu wenye umri wa baba yake, halafu jioni aandike ripoti ya tukio hilo kwa Kiingereza. Hakuna mtihani wa darasani unaopima mambo hayo mawili kwa pamoja.

Shahada pekee haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu. Mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka isiyopungua 3, akiandika taarifa za kazi zake, ndipo aombe usajili wa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi imekuwa na mpango maalumu wa kuwasaidia wahitimu katika kipindi hicho. Kwa sababu hiyo, anayechagua chuo aulize mambo mawili kabla ya kulipa ada ya maombi: kama programu anayoitaka imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kama Bodi inaitambua kwa ajili ya usajili. La kwanza lipo kwenye mwongozo wa udahili ambao Tume huutoa kila mwaka mtandaoni. La pili aliulize kwa Bodi yenyewe, kwa maandishi, na alitunze jibu pamoja na vyeti vyake.