Mbegu bora za maharage: yanayosemwa vijijini na ukweli wake

"Mbegu ya dukani lazima inunuliwe kila msimu."
Hayo ni ya mahindi chotara. Ua la harage hujichavusha lenyewe, hivyo aina ya Uyole Njano uliyovuna leo itazaa Uyole Njano msimu ujao. Kinachoishusha ni magonjwa: chule, baka la bakteria na batobato hukaa ndani ya punje na kuongezeka kila unaporudia kupanda. Badilisha mbegu baada ya misimu 3 au 4. Mbaazi ni habari nyingine. Nyuki huzichavusha, kwa hiyo aina mbili zikiwa jirani zitachanganyika.

"Punje kubwa zinazong'aa za sokoni zinatosha."
Gunia la sokoni limekusanya mavuno ya mashamba mengi. Punje zenye madoa ya chule utazichambua, lakini batobato haionekani kwa macho.

"Mbegu bora ni ya wenye pesa."
Hapa wengi hukata tamaa mapema mno. Ni kweli ekari moja ya maharage ya punje kubwa hula kilo 35 hivi, wakati mahindi huhitaji 8 hadi 10 tu. Lakini nani kasema uanze na ekari? Nunua kilo 2. Panda punje moja moja, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashina. Zitajaza eneo la mita 15 kwa 15. Chagua ardhi ambayo haikuwa na maharage msimu uliopita. Maua yanapotoka pita ung'oe kila shina lisilofanana na mengine au lenye majani yaliyojikunja, kisha rudia maganda yanapojaa. Shamba likitunzwa utapata kama kilo 20, mbegu ya zaidi ya nusu ekari.

"Mbegu ya kuazimiwa ubora, ile QDS, ni feki."
Mzalishaji wake husajiliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, huanza na mbegu iliyothibitishwa, na shamba lake hukaguliwa. Kwa kuwa huzalishwa karibu, mara nyingi ndiyo njia ya haraka ya kupata aina mpya.

"Mfuko usiopitisha hewa huua mbegu."
Kinachoua ni unyevu. Weka punje na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika 1, acha 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu bado ni mbichi. Isipoganda, anika siku moja zaidi, maana kipimo hiki hugundua unyevu unaozidi asilimia 15 na mbegu inataka 13 au chini. Ndipo utie kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, ufunge tabaka kwa tabaka. Wadudu hukosa hewa na kufa. Karanga zihifadhi na maganda yake, uzimenye kwa mkono karibu na kupanda.

Kabla ya mvua, otesha punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu, uhesabu siku ya 8. Zikiota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Kati ya 60 na 80 ongeza kiasi cha mbegu. Chini ya hapo zipike, ila zilizotiwa dawa usizipike wala kuwapa kuku.